Madini Chuma, Zinki na Shaba kwa Mtoto wa Uzito Pungufu Anayekunywa Maziwa ya Kopo

Barabara inayopanda kutoka Chimala hadi Matamba, katika Wilaya ya Makete, ina kona 57. Mama anayejifungua kabla ya wakati katika vijiji vya uwanda huu hana njia fupi ya kuifikia wodi ya watoto wachanga. Mtoto wake anaporuhusiwa kutoka hospitali, hurejea mahali penye baridi kali, viazi mviringo, pareto na maziwa ya ng'ombe. Wengi wa watoto hao hunyonya mama zao, na hivyo ndivyo inavyopasa. Wapo hata hivyo wachache ambao mama zao wamefariki dunia, wamelazwa wakiwa mahututi, au wanatumia dawa isiyoruhusu kunyonyesha. Hao hulelewa na bibi, shangazi au mama mdogo kwa maziwa ya kopo.

Makala haya yanawahusu watoto hao wachache. Mlezi huliamini kopo kwa sababu limeandikwa kwamba lina madini chuma, zinki, shaba na mengineyo. Maandishi hayo ni ya kweli. Swali ambalo mhudumu wa afya na mlezi wanapaswa kujiuliza ni jingine: kati ya madini yaliyoandikwa kwenye kopo, ni kiasi gani kinachofika tumboni mwa mtoto, na je, kiasi hicho kinamtosha mtoto aliyezaliwa na akiba ndogo?

Swali hili lina uzito wa pekee mkoani Njombe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takriban nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, ijapokuwa Njombe ni mkoa unaovuna chakula na kulisha mikoa mingine. Kwa watoto wengi udumavu huanzia tumboni mwa mama, na mtoto anayezaliwa na uzito pungufu huanza safari akiwa tayari nyuma.

Akiba ya miezi mitatu ya mwisho

Mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu anapozaliwa akiwa chini ya gramu 2,500. Akiwa chini ya gramu 1,500, uzito wake ni pungufu sana. Wengine huzaliwa wadogo kwa sababu ni njiti, yaani wamezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Wengine wametimiza miezi lakini hawakupata lishe ya kutosha kupitia kondo la nyuma.

Sehemu kubwa ya madini chuma, zinki na shaba ambayo mtoto huzaliwa nayo huhamishwa kutoka kwa mama katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Mwili wa mtoto mchanga huwa na takriban miligramu 75 za madini chuma kwa kila kilo ya uzito wake. Hivyo mtoto wa kilo 3.2 huanza maisha na miligramu zipatazo 240, na mtoto wa kilo 1.7 huanza na zipatazo 130 tu. Shaba nayo huwekwa kwenye ini la mtoto katika kipindi hichohicho, ili imsaidie katika miezi ya mwanzo ambamo maziwa pekee hayana shaba nyingi. Mtoto njiti huondoka kabla ghala halijajaa.

Baada ya kuzaliwa, mtoto mdogo hukua kwa kasi kubwa kuliko mwenzake aliyetimiza miezi. Kila gramu ya mwili mpya huhitaji damu mpya, na damu huhitaji madini chuma. Akiba ya mtoto aliyezaliwa na uzito wa kawaida huweza kumtosha kwa miezi minne hadi sita. Ya mtoto wa uzito pungufu huisha katika mwezi wa pili au wa tatu. Vipimo vya damu vinavyorudiwarudiwa wodini huipunguza zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kupita tangu mtoto atoke, isipokuwa mtoto anapohitaji kusaidiwa kupumua papo hapo. Damu inayoingia katika dakika hiyo ni madini chuma ambayo mtoto atayatumia wiki nyingi baadaye.

Madini haya yana kazi zaidi ya kutengeneza damu. Madini chuma hujenga ubongo unaokua. Zinki hulinda ngozi na utumbo, huimarisha kinga na kuwezesha ukuaji. Shaba husaidia mwili kutumia madini chuma, na huimarisha mifupa na seli nyeupe za damu. Nchini Sweden, watoto 285 waliozaliwa na uzito wa kati ya gramu 2,000 na 2,500 waligawanywa katika makundi. Baadhi walipewa matone ya madini chuma tangu wiki ya sita hadi mwezi wa sita, na wengine hawakupewa. Walipofikisha miaka mitatu na nusu, zaidi ya mmoja kati ya kumi wa wale wasiopewa walikuwa na matatizo ya tabia. Kwa waliopewa, walikuwa takriban watatu katika kila mia. Watoto hao hawakuwa wadogo sana wala maskini, lakini miezi michache ya upungufu iliacha alama.

Nani kwa hakika anahitaji kopo?

Kabla ya kuzungumzia madini, ni lazima kuhakikisha kwamba kopo linahitajika. Chaguo la kwanza kwa mtoto wa uzito pungufu ni maziwa ya mama yake, hata kama yanakamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe. La pili ni maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa usalama na kutayarishwa kitaalamu, kama yanavyotolewa na benki ya maziwa iliyofunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi. Maziwa ya kopo ni chaguo la tatu. Mtoto njiti anayekunywa maziwa ya kopo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa kuoza kwa utumbo kuliko anayekunywa maziwa ya mama.

Njombe ndio mkoa wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ulionesha asilimia 12.7 ya watu wazima. Kwa hiyo inafaa kusisitizwa kwamba VVU peke yake si sababu ya kumwachisha mtoto ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, akina mama wenye VVU walishauriwa kuepuka kunyonyesha pale ambapo maziwa mbadala yangepatikana kwa usalama. Mwaka 2006 nchini Botswana, ambako maziwa ya kopo yaligawiwa bure, mlipuko wa kuhara uliofuata mvua kubwa uliua watoto wengi, na sehemu kubwa ya waliolazwa walikuwa hawanyonyi. Leo mama anayetumia dawa za ARV ipasavyo hushauriwa kunyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi sita, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine. Ikumbukwe pia kwamba dawa ya zidovudini, ambayo baadhi ya watoto hao hupewa kwa kinga, huweza kupunguza damu. Mtoto wa uzito pungufu anayeitumia afuatiliwe damu yake kwa karibu.

Kopo na kikombe: hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa mtoto aliyezaliwa na gramu 1,700 ambaye sasa amefikia kilo 2. Hunywa mililita 150 za maziwa kwa kila kilo kwa siku, yaani mililita 300. Kopo lake ni la kawaida, la mtoto wa tangu kuzaliwa hadi miezi sita, na limeandikwa kwamba kila mililita 100 zilizokwisha kuchanganywa zina miligramu 0.8 za madini chuma, miligramu 0.6 za zinki na mikrogramu 50 za shaba.

Kwa siku nzima mtoto huyo hupata miligramu 2.4 za madini chuma, yaani 1.2 kwa kila kilo. Anahitaji kati ya 2 na 3. Zinki anayopata ni miligramu 0.9 kwa kila kilo, ilhali wataalamu wa lishe ya watoto wa Ulaya, katika mapendekezo yao ya mwaka 2022 kwa njiti wa chini ya gramu 1,800, wanataka 2 hadi 3. Shaba ni mikrogramu 75 kwa kila kilo, na mapendekezo hayohayo yanataka 120 hadi 230. Mlezi huyu hakukosea lolote. Amechanganya sawasawa na kunywesha sawasawa, lakini kopo lake lilitengenezwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa na ghala lililojaa. Yapo maziwa maalumu ya njiti yenye madini mengi zaidi, lakini ni adimu nje ya miji mikubwa.

Hali hubadilika zaidi kopo linapokaribia kuisha. Kopo la gramu 400 hutoa takriban lita tatu za maziwa. Kwa mtoto wa kilo 2 hudumu siku kumi. Anapofikia kilo 4, hudumu siku tano. Familia iliyopanga bajeti ya makopo matatu kwa mwezi hujikuta ikihitaji sita. Hapo ndipo kijiko kimoja cha unga kinapoanza kutiwa kwenye maji ya vijiko viwili. Mtoto anaendelea kunywa kiasi kilekile, tumbo linajaa na kilio kinatulia, lakini madini chuma yameshuka hadi miligramu 0.6 kwa kila kilo, zinki hadi 0.45 na shaba hadi mikrogramu 37. Nguvu na protini nazo zimepungua kwa nusu.

Familia nyingine humgeukia ng'ombe. Matamba na maeneo yanayoizunguka Kitulo ni nchi ya maziwa, na maziwa ya ng'ombe ni chakula bora kwa mtoto mkubwa. Kwa mtoto mchanga hayafai. Mililita 300 za maziwa ya ng'ombe hazina hata sehemu mbili za kumi za miligramu moja ya madini chuma. Shaba yake ni kidogo sana, na zinki iliyomo hushikwa na protini nzito ya maziwa hayo isifyonzwe vizuri. Aidha, maziwa hayo huweza kuchubua utumbo mchanga ukavuja damu kidogokidogo bila kuonekana kwenye choo, na chumvi zake huzielemea figo ambazo hazijakomaa. Mwaka 1964 daktari Angel Cordano na wenzake, waliokuwa wakitibu watoto wenye utapiamlo huko Lima, Peru, walieleza juu ya watoto waliolishwa kwa muda mrefu vyakula vya maziwa ya ng'ombe. Damu ilipungua, madini chuma hayakusaidia, seli nyeupe zilishuka na mifupa ikadhoofika. Walipopewa shaba, hali zao ziliimarika.

Dalili za kuangalia

Upungufu wa madini chuma huanza kimyakimya. Mtoto huchoka mapema anaponyweshwa, haongezeki uzito kama inavyotarajiwa, kisha viganja na ndani ya kope hupauka. Weupe huo unapoonekana, upungufu umekuwapo kwa wiki nyingi.

Upungufu wa zinki hujionesha kwenye ngozi. Vipele vyekundu vinavyochubuka huzunguka mdomo, njia ya haja kubwa na sehemu za nepi, na havisikii mafuta wala dawa ya fangasi. Mtoto huharisha, hulialia na hukoma kukua.

Upungufu wa shaba ushukiwe pale ambapo mtoto ana upungufu wa damu usioitikia madini chuma, huku kipimo cha damu kikionesha seli nyeupe chache au picha ya eksirei ikionesha mifupa hafifu. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali.

Madini joto nayo yasisahauliwe. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa ugonjwa wa rovu kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea nchini katika miaka ya 1990. Mtoto anayekunywa maziwa ya kopo yaliyochanganywa sawasawa huyapata humo. Anayenyonya huyapata kwa mama, iwapo mama anatumia chumvi hiyo.

Matone ya madini: yasikosekane, yasirudufiwe

Shirika la Afya Duniani linapendekeza madini chuma kwa watoto wa uzito pungufu wanaokunywa maziwa ya mama na wasiopata madini hayo kutoka chanzo kingine. Kipimo kinachotumika ni miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo kwa siku, tangu wiki ya pili hadi mwezi wa sita. Kwa mtoto wa kopo, mhudumu aanze kwa kuhesabu anachopata tayari, kisha aongeze kinachopungua tu. Mtoto wa mfano wetu anapata 1.2, hivyo nyongeza ya miligramu 1 kwa kila kilo, yaani miligramu 2 kwa siku, inatosha. Akipewa kipimo kizima cha miligramu 4 kwa kila kilo juu ya kopo, atapita kiwango, na madini chuma yanayozidi hushindana na zinki na shaba katika kufyonzwa.

Yapo makosa mawili yanayoweza kugharimu maisha. La kwanza ni kuhesabu uzito wa dawa badala ya uzito wa madini chuma halisi yaliyomo. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina miligramu zipatazo 60 hadi 65 za madini chuma. La pili ni kusaga kidonge alichobakiza mama kliniki na kumpa mtoto. Kidonge kimoja kwa mtoto wa kilo 2 ni sawa na dozi yake ya mwezi mzima kwa siku moja, na viwili huweza kumuua. Vidonge hivyo vihifadhiwe mbali na watoto wote wa nyumbani. Mtoto mchanga apewe dawa ya maji yenye kipimo kinachosomeka, kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Tahadhari nyingine inatoka Pemba. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, watoto wadogo wa kisiwa hicho waliopewa madini chuma na foliki asidi, wakati huo malaria ikiwa imeshamiri, walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mapema. Funzo lake ni kwamba madini chuma hayapaswi kugawiwa ovyo pale ambapo malaria haijadhibitiwa. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na mtoto wa uzito pungufu ana sababu ya wazi ya kuyahitaji. Hata hivyo familia inayohamia bondeni, Usangu au Kyela, ihakikishe mtoto analala ndani ya chandarua chenye dawa na anapimwa malaria kila anapopata homa.

Kuhusu zinki, mtoto wa chini ya miezi sita anayeharisha hupewa miligramu 10 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvichumvi. Zinki ya muda mrefu kwa ajili ya ukuaji iamuliwe na daktari, kwa kuwa zinki inayozidi kwa miezi huzuia shaba.

Maji, moto na baridi ya Matamba

Madini hayamfai mtoto anayeharisha. Unga wa maziwa ya kopo si tasa, na vijidudu vyake huuawa kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 93. Joto hilo linatosha, lakini katika hewa ya baridi maji hupoa upesi. Mlezi achemshe maji mpaka yatokote, apime maji kwanza, atie unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo, kikiwa kimesawazishwa bila kushindiliwa, na achanganye kabla maji hayajapoa. Kisha apooze maziwa na kuyanywesha kwa kikombe kidogo kinachosafishika, si kwa chupa. Yanayobaki baada ya saa mbili yamwagwe.

Baridi nayo hula lishe. Mtoto anayepatwa na baridi huchoma nguvu ambazo zingemkuza. Bibi au baba anaweza kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu, kama mama afanyavyo.

Ufuatiliaji

Kila hudhurio, mhudumu aulize mambo matatu na kuyaandika kwenye kadi: ni maziwa gani, yanachanganywaje, na mtoto hunywa kiasi gani kwa siku. Ni bora zaidi kumwomba mlezi achanganye maziwa mbele yake kuliko kumuuliza tu. Swali hili liulizwe kwa upole, kwani anayeongeza maji hufanya hivyo kwa kukosa fedha, na akikaripiwa ataficha. Akikiri kwamba kopo limemshinda, hiyo ni taarifa ya kitabibu, na afisa ustawi wa jamii na afisa lishe waitwe mapema, kopo likiwa bado lina unga.

Mtoto apimwe uzito kila wiki mpaka afikishe gramu 2,500, na dozi ya madini irekebishwe kadiri anavyoongezeka. Kiwango cha damu kipimwe anapokaribia miezi miwili, na tena kwenye mwezi wa nne na wa sita. Anapotimiza miezi sita aanzishiwe vyakula vyenye madini: maini yaliyopondwa, nyama, dagaa, mayai na maharage yaliyochujwa. Uji wa mahindi mtupu hautoshi. Chai, ijapokuwa inalimwa mkoani, asipewe, kwa sababu huzuia madini chuma kufyonzwa.

Bibi anayeshuka na mjukuu kliniki anastahili kuondoka akijua mambo mawili kwa hakika: vijiko vingapi kwa maji kiasi gani, na mililita ngapi za dawa kwa siku. Mhudumu amwandikie namba hizo kwenye kadi kwa herufi kubwa, kisha amwombe azitaje yeye mwenyewe kabla hajapanda gari la kurudi.